Ada ya Kuendesha

Kila tarehe ishirini na nane simu hutetemeka
juu ya ndoo, kati ya dagaa na mizani.
Ndugu mteja: ada ya kuendesha akaunti,
shilingi elfu mbili na mia tano.
Mwezi ule sikuweka, sikutoa, sikupita hata mlangoni,
nilikuwa Goziba namuuguza dada.
Akaunti ikaendeshwa hivyo hivyo, usiku, peke yake,
sijui kwenda wapi.

Nikamfuata kijana wa dirisha la tatu.
Nkwabi mwanangu, gari hili lina magurudumu mangapi?
Dereva nani? Linapitia Kisesa au Usagara?
Mbona kila likirudi limepungua?
Akacheka kwa adabu, macho kwenye kompyuta.
"Ni mfumo, mama."

Mfumo.
Panya wa stoo namjua.
Korongo wa Mwaloni, yule mwenye upara, namjua kwa sura,
huiba huku ananitazama.
Mfumo sijamwona.

Nikapiga hesabu kwa mkaa ubavuni mwa gunia:
miaka kumi na tisa, miezi mia mbili ishirini na nane.
Hata nikiwasamehe ile ya mwanzo waliyokata kidogo,
ni bati za vyumba viwili.
Nimewaezekea watu nyumba
na sijakaribishwa hata maji.

Nyanjige wa meza ya pili akasema, hamia ng'ambo ya barabara,
pale juu ya duka la mbolea, hawakati kila mwezi.
Nikasita. Akanicheka:
"Wanaume umehama wawili, itakuwa benki?"

Kumbe kufunga nako ni elfu kumi.
Hata mlango wa kutokea una kiingilio.

Wakanipa fomu. Sababu ya kufunga:
nafasi ya urefu wa kidole.
Nikaandika, nimechoka kulipia safari nisiyopanda.
Nikatia sahihi, fyu, kama ninavyotia kwenye risiti za wachuuzi.

Nkwabi akaenda, akakawia, akarudi na kadi ya manjano.
"Sahihi si sahihi, mama."

Nikaiona. Na picha yake pembeni,
nywele za uzi, shingo imekazwa kama ya mtu anayepimwa homa.
KWANDU, herufi kubwa kubwa,
K imenyoosha mguu kama inapiga teke,
D imegeuza mgongo,
na mwishoni nukta iliyotoboa karatasi.
Wiki ile ndiyo nilikuwa nimejua kuandika,
darasa la watu wazima, Kitangiri, saa kumi jioni,
vidole bado vina magamba.
Karani wa siku zile, mzee mwenye miwani ya kamba, aliniambia:
"Polepole, mama. Hela haikimbii."

"Itie kama ilivyo kwenye kadi," akasema Nkwabi.

Basi nikakaa kwenye benchi
na karatasi iliyofungiwa vitumbua,
nikajifunza kuwa yule.
Mara ya kwanza nzuri mno.
Mara ya pili D ikageukia watu.
Mara ya tatu nikaishika kalamu kama kisu cha kupasulia sangara,
nikabana pumzi, nikaogopa,
nikaogopa kwelikweli kwamba karatasi itachanika na watanifukuza.
Ikachanika kidogo. Pale pale penye nukta.

Nkwabi akalinganisha. Akagonga muhuri.
Akanihesabia elfu ishirini na moja na mia saba,
halafu akasema, taratibu, ile D tutaikosa.

Ng'ambo, juu ya harufu ya mbolea,
binti wa kucha ndefu akanisogezea kadi nyeupe.
"Hatukati kila mwezi, mama. Kwa sasa."
Kwa sasa.
Saini hapa.

Nikafikiri kidogo, foleni ikaguna.
Nikaweka ile ya mguu wa teke.
Siku nikitaka kuondoka
nataka nijue wa kumwita.

Nilipofika Mwaloni korongo amesimama juu ya gunia langu.
Huyo angalau tulitazamana.